Msiniambie Uzazi Haupangiki

Neno hili nimelisikia kwa wazee barazani, kwa akina mama wenye watoto saba, kwa wauguzi waliochoka, hata kwa vijana waliosoma: uzazi haupangiki. Ukizungumza kisiwani Mafia habari ya mjamzito kukaa na mkunga wake wa kliniki, wakaandika pamoja namna atakavyofika hospitali na namna anavyotaka kuhudumiwa akishafika, majibu ni mawili. La kwanza ni la dini: mtoto ni wa Mungu na siku yake anaijua Yeye, wewe nani hata upange? La pili lina dharau ndani yake: hayo ni mambo ya Kizungu, ya matajiri wa Masaki wanaochagua chumba na daktari. Mama wa kisiwa kidogo cha Jibondo kazi yake ni kufika hospitali ya Kilindoni akiwa hai. Akifika anyamaze, afanye anachoambiwa.

Rai hii ni kosa popote inaposemwa. Kisiwani inaua.

Nianze na dini, maana ndiyo ngao inayoinuliwa kwanza. Sina ugomvi na tawakali. Lakini tangu lini tawakali ikamzuia mtu wa pwani kuhesabu? Nahodha wa Jibondo hang'oi nanga kabla hajajua maji yamefika wapi, kama ni siku za bamvua au za maji mafu, kama kusi imetulia au bado inavuma. Hakuna shehe aliyewahi kumwambia kwamba kwa kuhesabu hivyo amepungukiwa na imani. Anahesabu, anasoma dua yake, anatweka tanga. Mke wake akitaka kuhesabu miezi, nauli na mashua, ghafla anaambiwa amwachie Mungu.

Na wanaosoma Sura ya Maryam wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Mama yule alipokuwa katika uchungu chini ya mtende, peke yake, hata akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile, aliambiwa afanye nini. Alionyeshwa maji ya kunywa. Alielekezwa atikise shina la mtende apate tende mbivu ale. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mama asiye na hatari maalumu aruhusiwe kula na kunywa akiwa katika uchungu. Bado wapo wanaoingia leba wakakatazwa hata funda la maji, na hawaulizi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba jambo hilo linaulizika.

Sasa hilo la Uzungu. Ni kweli kwamba karatasi inayoitwa mpango wa kujifungua ilipata umaarufu Marekani, baada ya Penny Simkin na mwenzake Carla Reinke kuandika juu yake huko Seattle mwaka 1980. Mama wa kule alikuwa akipambana na hospitali yenye kila kitu, iliyotaka kukitumia kila kitu juu ya mwili wake. Lakini Tanzania haikulibeba jambo hili lilivyo. Mwaka 2002, utaratibu wa kliniki ya wajawazito ulipobadilishwa, mpango binafsi wa kujifungua uliingizwa ndani ya huduma, na kadi ya kliniki ikapewa sehemu ya kuuandika. Sababu yake haikuwa anasa. Wanawake walikuwa wakifa njiani, au wakifa nyumbani watu wakingali wanajadiliana nani atoe nauli. Anayeuita mpango huu wa Kizungu leo anaikana kadi iliyomo ndani ya mkoba wa mke wake.

Tena kabla ya kadi, pwani ilikuwa na mpango wake. Bibi mmoja wa Kirongwe aliwahi kunikatiza kwa sauti ya kuniadabisha: "Mjukuu wangu, mimi nimezaa tisa na sikuandika hata herufi moja."

Nikamuuliza, "Wa kwanza ulimzalia wapi, bibi?"

"Kwa mama yangu. Mimba ya kwanza unarudi kwenu, hilo nalo la kuuliza?"

"Ulirudi lini?"

"Mwezi wa saba."

"Nani alikuwa nawe siku ile?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama yake. Somo yake, aliyemfunda. Mkunga, aliyeambiwa mapema asisafiri. Shangazi wa kuchemsha maji. Mume alikuwa uani, tayari kutoa adhana. Khanga kuukuu zilishafuliwa na kuwekwa. Kuni za maji ya kukandwa zilikuwa zimekusanywa, kuku wa supu amefungwa, pilipili manga ya uji imeshanunuliwa. Na kondo la nyuma palijulikana litakapozikwa.

Huo ni mpango. Naweza kusema ni mpango kamili kuliko mingi niliyoiona imeandikwa kwa kalamu: una mahali, una watu wenye majina na kazi zao, una chakula, una ibada. Ulikosa kitu kimoja kikubwa. Damu ilipomwagika bila kukoma, au mtoto alipokwama, au kifafa cha mimba kilipopanda, haukuwa na pa kwenda. Kwa hiyo tulifanya sawa kuupeleka uzazi hospitali, na siandiki haya ili tuurudishe chumbani kwa mkunga wa jadi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Katika tafiti hizohizo makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hao ni mama waliorudi nyumbani na watoto wao, na simruhusu mtu kuidharau kazi hiyo.

Lakini tulipouhamisha uzazi, mpango tuliuacha nyumbani. Somo aliachwa mlangoni. Mama mzazi aliachwa chini ya mwembe nje ya uzio. Kilichoruhusiwa kuingia na mjamzito ni begi.

Jambo lenyewe limegeuka begi siku hizi. Muulize mjamzito kama ana mpango wa kujifungua, atakwambia, "Ninao, nimeshanunua vifaa": glovu, pamba, wembe, kibana kitovu, mpira wa kutandika, doti mbili za khanga, beseni. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito ni bila malipo, na kila anayenunua glovu zake mwenyewe anaijua tofauti iliyopo kati ya sera na duka la dawa. Begi linahitajika, na kibubu cha kulijazia kinahitajika. Lakini begi halijui maji yatakupwa saa ngapi. Halijui damu yako ni kundi gani. Haliwezi kusema "subiri kwanza, nieleze unachotaka kunifanyia."

Anayedhani kufika ni jambo dogo hajaishi huku. Mafia si kisiwa kimoja. Mwanamke wa Chole anavuka mlango mfupi wa bahari hadi Utende, kisha anashika lami hadi Kilindoni, iliko hospitali ya wilaya. Wa Juani na wa Jibondo maji yao ni mapana zaidi. Wa Bweni havuki maji, lakini yuko ncha ya kaskazini, na kati yake na Kilindoni umelala karibu urefu wote wa kisiwa. Maji yakikupwa, chombo hukaa mchangani na hakuna nguvu ya binadamu itakayokifanya kielee mpaka yarudi. Kusi ikivuma usiku, hata nahodha jasiri hutazama pembeni. Na hospitali ya wilaya ikisema huyu anahitaji rufaa, mbele kuna bahari yenyewe: saa kadhaa za chombo hadi Nyamisati na barabara baada yake, au ndege ndogo hadi Dar es Salaam, ikiwa ipo na ikiwa kuna mwanga.

Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza mwaka 1994 kwamba mama mwenye tatizo la uzazi huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Damu inayomwagika baada ya kujifungua inaweza kummaliza mwanamke mwenye afya ndani ya saa mbili. Sasa nihesabieni. Uchungu umeanza saa nane usiku. Mume yuko dago, kambini kwa wavuvi, ana wiki mbili hajaonekana, simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema tusubiri mwenyewe arudi aamue. Mwenye mashua yenye mashine yuko msibani kijiji cha pili, na mafuta hayapo. Kila kimoja kati ya vizuizi hivi kingeweza kuondolewa miezi miwili kabla, mchana, kwa mazungumzo ya nusu saa.

Kuna namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa mwaka 2022 baada ya majaribio yaliyoanzia Kanda ya Ziwa. Unapiga, wanatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana wanamtafuta dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye analipwa kwa simu. Ni kazi njema na nataka kila mlango wa Mafia uandikwe namba hiyo kwa chaki. Lakini namba haiwezi kukifanya chombo kilichokaa mchangani kielee. Ndiyo maana kwa mwanamke wa visiwa vidogo mstari muhimu kuliko yote katika mpango wake ni huu: kuanzia wiki ya 38 nitalala Kilindoni, kwa nani. Jina la mtu. Binamu, wifi, rafiki wa mama. Na huyo mtu awe ameulizwa na amekubali, si kutajwa tu.

Mpaka hapo wapinzani wangu wengine wananikubalia. Usafiri, akiba, watu wa kutoa damu, sawa, hayo yapangwe. Wanapokataa ni pale ninaposema mpango uingie pia ndani ya leba: nani akae nami, nijifungue katika mkao gani, nielezwe kabla ya kukatwa, mtoto awekwe kifuani. Hapo wanasema mama anajifanya daktari.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia bara, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kadi yangu ilikuwa imejazwa kila kisanduku: hospitali, ndiyo; usafiri, ndiyo; mchangia damu, mume. Hakuna aliyeisoma. Niliambiwa nilale chali, nikalala chali. Mama yangu alikaa nje ya geti usiku kucha na chupa ya chai, na mimi ndani nilidhani amerudi nyumbani. Niliongezewa njia bila kuambiwa neno. Nilijua nimekatwa nilipoanza kushonwa. Mtoto alitoka mzima, nami nikatoka mzima, na kila niliyemsimulia alinijibu, "Shukuru Mungu." Ninashukuru. Lakini kwa miaka minne baada ya hapo sikutaka mimba nyingine. Mume wangu hakuelewa kwa nini, na mimi sikuwa na maneno ya kumweleza.

Haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Utafiti uliofanyika Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, uliwauliza akina mama wanapotoka hospitali kama walitendewa bila heshima wakati wa kujifungua. Karibu asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakawa asilimia 28. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni wanawake waliosubiri wafike mbali na hospitali ndipo waseme. Mkoani humohumo ukaendeshwa mradi ulioitwa Staha, ambapo wauguzi na wanajamii waliandika pamoja mkataba wa namna ya kutendeana, na malalamiko yakapungua sana. Angalia neno walilolichagua. Staha ni neno la nyumbani, halikuja na meli.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya wauguzi wenyewe, nami siipiti juujuu. Sista mmoja yuko zamu na wazazi watano, wawili wamefungua njia kwa pamoja, taa zimezimika, na wewe unamletea karatasi ya matakwa? Namwelewa. Karatasi haizai muuguzi wa pili. Serikali isiyoajiri wakunga haitafichwa na fomu yoyote, na mpango wa mama usitumike kumtwisha sista lawama za wakubwa zake.

Lakini tazameni mpango mzuri unaomba nini. Kwanza unaomba mtu wa kukaa na mama. Je, huyo anamzidishia sista kazi? Anampa mama maji, anamsugua mgongo, anamsaidia kutembea, anaita haraka damu ikianza. Mkoani Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilijaribu kuruhusu wasindikizaji katika vituo vya serikali, vituo vilevile vyenye vitanda vichache na wauguzi wachache, na ikawezekana. Walichohitaji ni mapazia, maelekezo mafupi kwa msindikizaji na uamuzi wa mkuu wa kituo. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000 ulionyesha kwamba mama anayekuwa na mtu wa kumtegemeza muda wote hukaa katika uchungu kwa muda mfupi zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Wodi yenye upungufu wa watu ndiyo hasa inayomhitaji somo aliyeachwa mlangoni.

Na kule Ngorongoro, Dk. Moke Magoma na wenzake waligawa vituo vya afya makundi mawili. Kundi moja wahudumu wakakaa na wajawazito kuandaa mpango wa kila mmoja. Waliojifungua mikononi mwa wataalamu walikuwa wengi zaidi katika kundi hilo kwa takriban asilimia 17. Ngorongoro ni nyika na Mafia ni bahari, lakini umbali ni umbali, na mume aliye mbali na mifugo anafanana sana na mume aliye dago.

Wengine wananiambia dharura huvunja mipango yote, basi kwa nini kupanga? Kwa sababu mpango wa kweli una sehemu ya pili inayoanza na neno "ikilazimu." Ikilazimu nipasuliwe, nielezwe sababu kwa maneno mawili, kisha fanyeni haraka, ridhaa naitoa mimi mwenyewe, asisubiriwe mume. Ikilazimu damu, wafuateni hawa wawili, makundi yao ni haya. Ikilazimu nivushwe kwenda bara, wifi yangu atasafiri nami na fedha ziko kwa mama. Mtoto akiwa dhaifu, nimweke kifuani kwa njia ya kangaruu, na nionyeshwe jinsi. Mtoto akifa, nimwone kwanza kabla hajafunikwa, na baba yake apewe akamzike. Mstari huo wa mwisho ni mgumu kuandika. Nimekutana na wanawake ambao hawakumwona, na hadi leo wanauliza alikuwa na sura ya nani.

Kuna mambo mengine ambayo fomu ya serikali haiyajui na ambayo hayagharimu kitu. Adhana: wanaume hawaingii wodi ya wazazi, basi mtoto akishanyonya mara ya kwanza apelekwe mlangoni dakika tatu, babu yake amsomee. Kondo la nyuma: hospitali ina shimo lake la kondo, lakini anayetaka kulichukua akazike kwao aulizwe na apewe limefungwa vizuri. Mkao: bibi zetu walipiga magoti au walichuchumaa, na mwongozo wa 2018 unaruhusu mama achague. Na dawa za miti. Hapa nawageukia akina mama wenzangu. Dawa ya kuharakisha uchungu inaweza kupasua mji wa uzazi, na ikikutana na sindano ya hospitali hatari inazidi. Mwambieni mkunga mmekunywa nini. Lakini atasema nani, ikiwa miezi yote ya kliniki amekuwa akikemewa kwa kila jibu? Anayenywa kombe la aya za Qur'ani anaogopa kulitaja kwa sababu hajui sista atalitofautisha na dawa ya mizizi. Mazungumzo ya mpango, yakifanywa bila kukemeana, ndiyo mahali pekee ambapo siri hiyo inaweza kutoka mapema.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo na ni mahususi. Katika mwezi wa saba, kila mjamzito wa Mafia aje kliniki na mtu atakayekuwa naye siku ile, awe mama, somo au wifi, wapewe nusu saa yao wasiharakishwe. Waandike kwa Kiswahili chao, si kwa kujaza visanduku. Mkunga aseme wazi yapi yanawezekana hospitali na yapi hayawezekani, na pale penye "haiwezekani" atoe sababu. Kisha atie sahihi kwamba amesikia.

Yule bibi wa Kirongwe alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga khanga yake upya. Akaniuliza swali ambalo hakuna msomi aliyewahi kuniuliza: "Na huyo nesi wa usiku, aliyechoka, ataisoma?"

Sikumdanganya. Nilimwambia huenda asiisome. Ndiyo maana nakala ya pili haikai ndani ya kadi, inakaa kwa mtu aliyeruhusiwa kuingia, awe amesomewa mara tatu nyumbani mpaka ameihifadhi. Bibi akafikiri kidogo, akasema mjukuu wake wa Utende ana miezi mitano, na yeye macho yake hayaoni tena herufi, lakini kuhifadhi bado anaweza.